Ile sumaku ndani ya breka ya sola

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, sola nimeianza mwaka jana. Kwa mjomba wangu nimefunga paneli 8 za wati 550, zote mfululizo, zinaingia kwenye inveta yenye betri ya volti 48. Breka ya DC ya upande wa paneli iliharibika skrubu, dukani sikupata nyingine, nikaweka breka ya kawaida ya nyumbani ya ampea 32. Wiki tatu ikakaa salama. Juzi saa saba mchana nikaizima ili nifungue inveta. Kipini kilishuka vizuri, lakini ndani ikaanza kulia kama mafuta ya kukaangia samaki, nikaona mwanga wa bluu kwenye upenyo, plastiki ikayeyuka mbele yangu mpaka waya ukaungua na kukatika. Nimezipasua zote mbili. Ile ya DC ina visumaku viwili vidogo, ya nyumbani haina. Muuzaji anasema sumaku ndiyo inayoifanya breka ijikate. Nimenunua mpya ya DC, ina alama za + na −, ila fundi mwenzangu anasema breka haina upande. Sumaku ile ina kazi gani? Upande una maana? Na nikibandika sumaku ya spika kwenye breka ya nyumbani, haitafanya kazi ile ile?"*

Marahaba, fundi. Pole kwa mshtuko, na shukuru kwamba boksi lilikuwa ukutani mbele ya macho yako, si darini juu ya mbao. Swali lako nimelichagua kwa sababu ya ile sumaku ya spika. Jibu lake ni hapana, lakini wazo lenyewe si la kijinga hata kidogo, na nitalirudia.

Kinachokusumbua, nikikuelewa, ni hiki: ulizima swichi, kipini kikashuka, kontakti zikaachana kweli, na umeme ukaendelea kupita. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu kontakti hazitengani kwa mkupuo. Zinapoanza kuachana, mahali pa mwisho pa kugusana panabaki kidogo kuliko kichwa cha pini, na mkondo wote unabanwa hapo. Chuma chochote utakachoweka pale kitayeyuka. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na pale joto halisimami hapo. Linaendelea hadi metali inachemka na kuwa mvuke. Mvuke huo pamoja na hewa iliyo jirani vinapata chaji na kuanza kupitisha umeme. Kwa hiyo kontakti zimeachana, lakini katikati yake pamejengeka daraja la moto. Hilo ndilo tao la umeme. Jina hilo la tao limetokana na umbo: Humphry Davy wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, alipotenganisha vipande viwili vya mkaa vilivyounganishwa na betri kubwa, moto ule ulipinda kwenda juu kwa kusukumwa na hewa yake yenyewe ya moto.

Kama umewahi kushika mashine ya kuchomelea, tao unalijua kuliko unavyodhani. Mashine ya DC ikishaanza, volti 20 hadi 30 zinatosha kulilisha tao lile muda wote unaotaka. Sasa fikiria mjomba wako ana nini juu ya bati: paneli ya wati 550 hutoa volti karibu 50 ikiwa haina mzigo, mara 8 ni volti 400, na ampea 13 hivi jua likiwa utosini. Ulipozima, uliwasha mashine ya kuchomelea ndani ya kiboksi cha plastiki.

Mwenzako atakuuliza: mbona breka hiyo hiyo nyumbani inazima kila siku bila kelele? Kwa sababu umeme wa nyumbani, yaani AC, unakwenda na kurudi. Ni mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko mkondo unapita kwenye sifuri mara mbili. Maana yake kila baada ya milisekunde 10 tao linanyimwa chakula na kuzimika lenyewe. Kazi ya breka ni kuhakikisha haliwaki tena. Umeme wa paneli, yaani DC, haupumziki hivyo. Unasukuma upande mmoja tangu asubuhi hadi jioni, na tao la DC lisipouawa halifi.

Na linauawaje? Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu tunafikiri tao linazimwa kama mshumaa, kwa kupulizwa. Litazame tao kama mzigo mwingine wowote uliounganishwa kwenye paneli: nalo linadai volti zake ili liendelee kuishi. Ukilirefusha, linadai zaidi. Ukilipoza, linadai zaidi. Ukilikatakata vipande, kila kipande kinadai volti zake mwenyewe kwenye ncha zake mbili, kama familia iliyogawana nyumba na kila mtu sasa anataka jiko lake. Siku madai hayo yanapozidi volti ambazo chanzo kinaweza kutoa, mkondo unaporomoka hadi sifuri.

Hebu rudi kwenye breka uliyopasua. Utaona rundo la vibati vya chuma vimepangwa kama kurasa za kitabu, vina nafasi ndogondogo kati yake. Hicho ndicho chumba cha kukatia tao. Tao likiingia humo linagawanyika, na kila nafasi kati ya kibati na kibati inadai volti 20 hadi 30. Nafasi 12, tuseme kwa volti 25, zinadai volti 300. Umeona tatizo? Hata kama tao lako lingefika kwenye vibati, volti 300 zisingetosha kulishinda jua la volti 400. Ndiyo maana breka za DC za sola huja na poli (yaani njia za kukatia, kila moja na kontakti na chumba chake) mbili au nne zinazounganishwa mfululizo, ili vyumba viwili au vinne vigawane kazi.

Lakini tao lako halikufika huko. Nina hakika ukivitazama vibati vya ile breka ya nyumbani utavikuta visafi, au vina masizi kidogo tu, huku sehemu ya kontakti ikiwa imekuwa uji. Na hapa ndipo sumaku inapoingia.

Waya wenye mkondo ukiuweka kwenye uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, unasukumwa pembeni. Tao nalo ni waya, ila waya wa gesi, mwepesi ajabu, hivyo linasukumwa kwa urahisi zaidi. Mafundi wa kuchomelea wanaijua hali hii bila kuipa jina la kisayansi: ukichomelea kwa DC karibu na kona au mwisho wa chuma kizito, moto unahama, hautaki kukaa unapouweka, na unalazimika kusogeza klipu ya ethi. Ni uga wa sumaku unaopeperusha tao. Kwa mchomeleaji ni kero. Kwa mtengenezaji wa breka ndiyo riziki yake.

Breka ya nyumbani inatumia ujanja huo bila kisumaku chochote. Njia ya mkondo kuzunguka kontakti imekunjwa kwa makusudi, kwa hiyo mkondo wenyewe unatengeneza uga unaolisukuma tao kuelekea kwenye vibati, na vibati kwa kuwa ni vya chuma vinalivuta. Ni ufundi mzuri, na unafanya kazi vizuri sana kunapotokea shoti ya maelfu ya ampea. Ila uga unatokana na mkondo, na nguvu inatokana na uga ukizidishwa kwa mkondo ule ule. Kwa hiyo mkondo ukipungua mara kumi, nguvu inapungua mara mia. Linganisha shoti ya ampea 3,000 na ampea zako 13: nguvu ya kulisukuma tao imepungua zaidi ya mara 50,000. Tao lako lilibaki limekaa pale pale lilipozaliwa, linakula plastiki.

Huu ndio mkasa wa sola, na hausemwi inavyostahili. Tumezoea kuogopa mkondo mkubwa. Kwenye breka ya DC, mkondo mdogo unaweza kuwa mgumu kukata kuliko mkubwa.

Kisumaku cha kudumu kinatibu hilo, kwa sababu uga wake upo muda wote, mkondo uwe mkubwa au mdogo. Chukua mfano: uga wa tesla 0.05 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga), ampea 13, tao la urefu wa milimita 5. Zidisha, unapata nguvu sawa na uzito wa theluthi moja ya gramu hivi, punje kumi na kitu za mchele. Utacheka. Lakini gesi iliyomo kwenye tao hilo haifikii uzito wa punje moja ya vumbi. Ukimsukuma inzi kwa nguvu ya kumsukuma ng'ombe, inzi haonekani tena. Tao linatupwa kwenye vibati kabla hujaondoa kidole kwenye kipini.

Sasa muuzaji wako. Hakukudanganya kwa makusudi. Amechanganya sumaku mbili. Breka inayo koili ya shaba yenye kipande cha chuma ndani, na mkondo ukizidi ghafla koili inakuwa sumaku, inakivuta kile chuma, kinagonga mtambo, breka inajikata. Hiyo ni sumaku ya kuamua. Visumaku ulivyovikuta kwenye ile ya DC ni vya kuzima moto baada ya uamuzi. Ukiviondoa, breka bado itajikata. Itajikata na kuungua.

Na kwa kuwa tumegusa kujikata, nikuambie jambo ambalo hukuniuliza. Paneli zako zikipigwa shoti kabisa, waya kwa waya, zinatoa ampea 14 hivi, basi. Breka ya ampea 32 haitajikata kwa ampea 14 hata ukikaa nayo hadi Krismasi. Kwa mstari mmoja wa paneli, breka ile haikuwa inalinda kitu. Ilikuwa swichi tu. Mimi ningekuwa pale ningefunga aizoleta ya DC, yaani swichi ya kutenganisha tu isiyojikata yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, yenye maandishi ya kiwango cha kimataifa IEC 60947-3 na daraja DC-PV2, na uwezo wa volti unaozidi volti za paneli zako asubuhi ya baridi, maana paneli baridi hutoa volti nyingi kuliko zenye joto. Ulinzi wa mkondo unaanza kuwa na maana mistari ikiwa mitatu au zaidi sambamba, kwa sababu hapo mistari mizima inaweza kuurudishia mkondo mstari wenye hitilafu.

Upande. Mwenzako ana haki kwa breka za AC, ambazo mkondo wake unageuka muda wote. Kwa breka ya DC yenye alama za + na −, amekosea, na ni kosa la kuunguza nyumba. Nguvu ya sumaku ina mwelekeo. Ukiugeuza mkondo, nguvu inageuka. Kisumaku kilichokuwa kinalisukuma tao kwenye vibati sasa kinalisukuma kinyume, kwenye springi na plastiki ya kipini. Ni kufagia taka kuelekea kitandani badala ya mlangoni: ufagio mzuri, mkono una nguvu, na uchafu ndio unazidi.

Najua kwa sababu nimelifanya. Miaka mingi iliyopita, karakana fulani, nilipewa fokolifti ya betri nisafishe kontakta yake, ile swichi kubwa inayovutwa na koili. Ilikuwa na visumaku viwili ubavuni, nikavitoa, nikavifuta, nikavirudisha. Kimoja nilikirudisha kichwa chini. Vilionekana sawasawa, rangi ile ile, umbo lile lile. Mashine iliondoka inafanya kazi. Siku ya tatu ikarudi, kontakti zimeliwa kama mahindi na panya, na moto umechora mstari mweusi upande ambao haukutakiwa kuguswa kabisa. Tangu hapo, sumaku yoyote nikiitoa naichora mshale kwanza.

Ugumu wa alama hizi ni kwamba zinahesabiwa kwa chanzo, na mafundi wengi wanafikiri chanzo ni inveta kwa sababu ndiyo yenye taa na kioo. Chanzo ni paneli. Soma mchoro ulioko ubavuni mwa breka, fuata mishale yake jinsi waya unavyoingia poli ya kwanza na kutokea ya pili, usifuate mazoea ya breka nyingine. Watengenezaji hawafanani. Australia walifika mahali wakaandika kwenye viwango vyao kwamba breka za kulinda paneli zisiwe za kujali upande, kwa sababu mkondo wa hitilafu unaweza kuja kutoka upande usioutarajia. Zipo breka za DC za namna hiyo: zina visumaku pia, ila vimepangwa ili tao lipate pa kwenda mkondo ukienda au ukirudi. Ukizipata, nunua hizo hata kama zimezidi bei.

Na kwenye betri ni lazima ziwe hizo. Waya wa betri ya mjomba wako mchana unapeleka mkondo ndani, usiku unautoa nje. Breka yenye + na − pale itakuwa imefungwa sawa nusu ya siku na imefungwa kinyume nusu nyingine. Tena betri, tofauti na paneli, ikipigwa shoti inamwaga maelfu ya ampea. Weka fyuzi ya DC yenye uwezo mkubwa wa kukata karibu kabisa na betri, na breka isiyojali upande baada yake. Inveta ya kilowati 5 kwenye betri hiyo inavuta karibu ampea 100, kwa hiyo usiniletee habari ya ampea 32.

Nadhani najua pia kwa nini watu wanakuambia "mbona mimi natumia breka ya AC kwenye sola miaka yote". Wanasema kweli. Walifunga mifumo midogo ya volti 12. Tao linahitaji zaidi ya volti 10 kwenye ncha zake mbili tu, kabla hata ya urefu wake, kwa hiyo betri ya volti 12 haina pa kulitoa. Zipo hata breka za AC ambazo mtengenezaji ameandika kwamba kila poli inavumilia volti 60 hivi za DC. Uzoefu wa volti 12 ukiupandisha hadi volti 400 hausemi kitu. Na zile wiki tatu zako za usalama? Breka ilikuwa imefungwa, kontakti zimegusana. Waya wowote ungefanya kazi hiyo. Mtihani wake ulikuwa siku ya kuzima, na ilikuwa siku moja.

Haya, spika. Elihu Thomson wa Marekani alikuwa na wazo kama lako mwishoni mwa karne ya 19, kulipeperusha tao kwa sumaku, na swichi za tramu zikajengwa hivyo kwa miongo mingi. Kwa hiyo umefikiri kihandisi. Lakini sumaku ya spika uga wake hutajua umeelekea wapi ndani ya breka. Ukikosea umelisukuma tao kwenye mtambo. Ukipatia, bado vibati ni vichache kwa volti 400. Na sumaku kubwa jirani na ile koili inaweza kuvuruga kiwango cha kujikata. Ukitaka kuliona jambo lenyewe, nenda kwa fundi wa kuchomelea mwenye mashine ya DC, vaa kofia ya kuchomelea, umwombe akuonyeshe moto unavyohama kwenye kona.

Kuhusu kazi iliyoko mbele yako. Ukitaka kuzima, anza na mizigo upande wa AC, kisha inveta yenyewe, subiri kioo kionyeshe paneli hazitoi kitu, ndipo ushushe swichi ya DC. Hapo hata aizoleta dhaifu inapata kazi nyepesi. Usichomoe viunganishi vya paneli wakati mkondo unapita. Ni tao lile lile, safari hii mkononi mwako. Na likiwaka tena, ondoka. Usimwage maji, usipande bati na turubai huku boksi linawaka. Jua linaendelea kulilisha na hakuna swichi ya jua.

Sitaki uwashe mfumo ule peke yako. Moto uliokata waya umepita pia kwenye ngozi ya waya wa jirani, na inawezekana inveta imepata mtikisiko wakati tao linawaka na kuzimika. Insulesheni ya nyaya hadi juu ya bati inatakiwa ipimwe kwa kifaa cha volti za juu, si kwa mita ya kawaida. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, aliyezoea sola kubwa aje asimame nawe. Kwa wasomaji wa Kenya, muulize fundi wako kama ana leseni ya sola ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya huko. Ukimwita hutapoteza heshima kwa mjomba.

Ile breka mpya, kabla ya kuifunga, tafuta vitu vitatu kwenye lebo: volti za DC na kwa poli ngapi, namba IEC 60947-2 (kiwango cha breka), na mchoro wa kuunganisha. Kama imeandikwa DC mbele lakini ubavuni haina mchoro wowote, irudishe dukani leo, ukiwa bado una risiti.